Mkono wa Dakika ya Themanini na Tisa

SEHEMU YA TISA

Gazeti la Ijumaa iliyopita kama lilishafungiwa maandazi usijali, nakurudisha pale pale nilipokuacha. Kocha Albano Komba alikuwa katikati ya uwanja wa Toangoma, filimbi shingoni, simu sikioni. Aliyepiga ni Tabu, mke wa mwamuzi Mwinjuma. Wiki tatu nzima Albano alikuwa akimpigia mama huyo bila kupokelewa. Jioni hiyo akapiga yeye mwenyewe.

"Shemeji, mtani wako anakuita," alisema Tabu. "Njoo hospitali sasa hivi. Usije na mtu."

Simu ikakatika.

Albano akamkabidhi nahodha filimbi, akasimamisha bodaboda ya kwanza aliyoiona, akaondoka na suruali ya mazoezi na viatu vyenye matope.

Kama unaingia leo kwenye hadithi hii, nitakuambia kwa kifupi kwa nini kocha aliyaacha mazoezi na kukimbia.

Timu yake, Nyota ya Toangoma, ilicheza fainali ya Ligi ya Pembezoni na Machimbo ya Pugu. Bingwa anapanda daraja, anayefungwa anabaki kwenye mchanga. Dakika ya themanini na tisa, ikiwa bila kwa bila, Mwinjuma akapuliza filimbi na kuonyesha kidole kwenye nukta ya penalti. Alisema beki wa Toangoma, Daniel, ameushika mpira. Machimbo wakafunga, mpira ukaisha, Toangoma wakabaki chini kwa mwaka wa nne mfululizo.

Robo saa baadaye Albano alisimama mbele ya maiki za TV za mtandaoni na kusema maneno ambayo mji mzima uliyasikia.

"Huyu refa ni mtani wangu, Mndengereko. Leo kahongwa ubwabwa wa Pugu, kanizika nikiwa hai. Na mie nakwenda kumzika. Anakaa Chanika, nyuma ya soko, nyumba ya bati la bluu. Mkifika kabla yangu, anzeni kuchimba."

Albano ni Mngoni. Wangoni na Wandengereko ni watani tangu enzi za mababu, na watani husemana hadi ya kaburini bila mtu kununa. Hawa wawili walikuwa wametaniana miaka kumi na tano. Mama yake Albano alipofariki, Mwinjuma alifunga safari kutoka Chanika, akashuka kaburini kabla ya jeneza na kulala chali, akasema hatoki hadi apewe jogoo. Waliokuwa wanalia wakacheka, na Albano hakuusahau wema ule.

Lakini waliokuwa wanatazama simu zao siku ile hawakuwa Wangoni wala Wandengereko. Walikuwa mashabiki wenye hasira, na walichosikia ni anwani. Mwinjuma alipofika nyumbani kwake na pikipiki alikuta watu wanamsubiri, na jiwe la kwanza lilimpata kichwani.

Sasa twende hospitali.

Tabu alikuwa getini na hotipoti mkononi. Alikuwa amekonda. Albano alimpa mkono, ukabaki unaning'inia hewani.

"Sikukuita mie," alisema Tabu. "Kakuita yeye. Ingekuwa shauri langu ungeishia hapa hapa kwa mlinzi."

"Shemeji, naomba unisikilize kidogo."

"Usiniombe kitu. Saa za kuona wagonjwa zinakwisha."

Wakatembea kwenye korido ndefu, mama mbele, kocha nyuma. Bila kugeuka, Tabu alimweleza habari kama anasoma tangazo. Walimruhusu Mwinjuma baada ya siku tano wakidhani amepona. Kikaanza kichwa, kisha kutapika. Juzi kaanguka bafuni. Picha imeonyesha damu imevilia ndani ya fuvu.

"Kesho saa nne asubuhi wanampasua," alimaliza. "Daktari kasema tuombe Mungu. Daktari akikwambia uombe Mungu, shemeji, ujue maana yake."

Wodini, Nusaiba alikuwa amekaa pembeni ya kitanda cha baba yake. Ni msichana wa chuo cha ualimu, mwaka wa pili, ambaye Albano alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Hakumtazama usoni. Shikamoo ile ilimchoma Albano kuliko kama angetukanwa.

Mwinjuma alikuwa na bendeji kichwani na mwili umepungua nusu. Lakini alipomwona mgeni wake, mdomo ukacheza.

"Mngoni, umekuja mikono mitupu. Hata chungwa moja."

"Nimetoka mazoezini, mtani."

"Mazoezi ya kufungwa hayachukui muda mrefu."

Albano alitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko, ikabidi ageukie ukutani. Wakamwacha ajifute.

"Kaa," Mwinjuma alisema. "Nina maneno machache na kichwa kinaniuma. Kamati ya ligi imenisimamisha. Nusaiba, msomee."

"Baba, ashajua."

"Msomee."

Nusaiba akaitoa barua kwenye mkoba na kusoma kwa sauti ya chini. Mwamuzi Mwinjuma anasimamishwa kuchezesha hadi tuhuma za kupokea rushwa zitakapochunguzwa. Tuhuma zenyewe zimetokana na kauli ya hadharani ya kocha wa Nyota ya Toangoma.

"Miaka kumi na tisa na filimbi," alisema Mwinjuma. "Nimechezesha kwenye matope, nimechezesha mbuzi wakikatiza uwanjani. Sijawahi kunywa hata soda ya timu. Unajua wanavyomwita huyu mtoto chuoni? Mtoto wa Ubwabwa."

Nusaiba aliikunja barua mara mbili, mara tatu, mara nne, hadi ikakataa kukunjika.

"Mtani, mie nilikuwa natania," Albano alisema.

"Ulikuwa unatania?"

Wiki tatu alikuwa amejificha ndani ya neno hilo. Aliwaambia polisi ni utani, akamwambia padri ni utani, mkewe Yustina alimwambia hadi mama wa watu akachoka kusikiliza. Lakini kwenye jicho la mtu aliyelala chini ya shuka la hospitali, neno lenyewe lilikataa kusimama.

"Nilikuwa na hasira," alisema. "Nikaivalisha utani."

"Haya. Sasa tunaongea. Kwani fomu za malalamiko hazipo? Unaandika ndani ya masaa ishirini na nne, umeonewa wapi, dakika ya ngapi. Naitwa, najibu."

"Fomu tumejaza miaka mitatu, mtani, zinaishia kabatini. Sie makocha wa huku pembezoni tusiposema hadharani nani anatusikia? Na nyie marefa nani anawauliza? Mnaharibu Jumamosi, Jumapili mnachezesha kwingine."

Mwinjuma alifikiri kidogo. Ni mtu aliyezoea kusikiliza manahodha wakibwata.

"Hilo kweli," alikubali. "Sikatai. Ungesema Mwinjuma kakosea. Refa anakosea bwana, mbona ni kazi ya macho na miguu. Ningenuna, ningelala, kesho yake ningekupigia tukatukanana. Wewe ulisema nimeuzwa. Mtu akishaambiwa kauzwa atajibu nini? Ataonyesha nini?"

Tabu alikuwa akimimina uji kwenye kikombe. Aliacha.

"Kilichofanya nikuite ni kitu kimoja," Mwinjuma akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mie niliuona mkono. Niliuona kwa macho yangu, Daniel kanyoosha wa kushoto. Lakini nikilala hapa najiuliza. Watu laki mbili wameitazama ile video yako, wote wanasema hakukuwa na mkono. Laki mbili, Mngoni. Huenda kweli sikuona. Huenda nimemwonea yule kijana na timu yako nzima, na jiwe nililolipata ni haki yangu. Nataka kujua kabla sijaingia huko ndani. Wewe ulikuwa upande ule. Uliona nini?"

Msomaji, kuna jambo ambalo nimekuficha tangu sehemu ya pili. Nilikuficha kwa sababu kocha mwenyewe alilificha, hata kwa mkewe. Leo linatoka.

"Ulikuwa mkono," alisema Albano.

"Una hakika?"

"Daniel aliniambia mwenyewe. Kwenye chumba cha kubadilishia, kakaa sakafuni analia. Akasema, kocha nisamehe, nilinyoosha, mpira ulinigonga hapa." Akajigusa juu ya kiwiko cha kushoto.

"Alikuambia lini?"

"Siku ile ile."

Mwinjuma alijiinua kidogo kwenye mto.

"Kabla hujakwenda kwenye maiki, au baada?"

Wodi ilikuwa na wagonjwa wanane na wageni wao, vijiko vinagonga vikombe, mtoto wa mtu analia. Albano hakusikia hata kimoja. Alimtazama Nusaiba, akamtazama Tabu, akatazama viatu vyake vya matope.

"Kabla," alisema.

Nusaiba alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ulijua? Ba'mdogo, ulikuwa unajua?"

"Nilimwambia Daniel afunge mdomo. Nikatoka nje. Niliona wachezaji wangu wanalia na mashabiki wananisubiri, nikaona nisiposema kitu..."

"Nyamaza," alisema Tabu taratibu. "Tafadhali shemeji, nyamaza."

Albano alingoja Mwinjuma amfukuze. Alitamani amfukuze. Lakini mwamuzi alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka pembeni, yanaingia kwenye bendeji, na uso wake umelainika kama wa mtu aliyetuliwa gunia.

"Kumbe niliona," alisema. "Mama Nusaiba umesikia? Niliona."

Alirudia hivyo mara tatu. Tabu akakaa kitandani na kumshika mkono, na hapo ndipo mama yule alipolia kwa mara ya kwanza tangu jiwe lile.

Albano akatoa simu yake.

"Nirekodi sasa hivi, mtani. Hapa hapa. Niseme yote."

"Simu yako nani anaifuata? Una watu arobaini, nusu yao mashemeji zako." Mwinjuma alifumbua macho. "Hapana. Jina langu ulilichafua mbele ya maiki, kalisafishe mbele ya maiki. Wale wale. Kesho si kuna kikao cha kamati?"

"Cha rufaa yetu. Saa tatu na nusu. TV zote zitakuwepo."

"Basi kabla ya saa nne niwe nimesikia. Nusaiba ataniwekea simu hapa sikioni. Mngoni, sitaki radhi yako sasa, hiyo tutaidaiana nikitoka. Mie hiki kichwa sijui kitaamka vipi. Nataka niingie mle ndani na jina langu."

"Nakuapia kwa kaburi la mama."

"Usiape. Njoo kwa wakati."

Muuguzi akagonga kengele, wageni wakatolewa.

Asubuhi yake Albano alifika kwenye ofisi za kamati ya Ligi ya Pembezoni saa tatu kasoro robo. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake, nayo ilimbana. Maiki zilikuwa zimeshapangwa kwenye meza barazani. Mwandishi mmoja, Marietha, alimwahidi kurusha mubashara muda wowote atakapokuwa tayari.

Alikuwa tayari. Alikuwa anaelekea kwenye meza. Ndipo mkono mzito ukamshika begani.

Alikuwa Revelian, mwenyekiti wa timu, mzee wa Kihaya mwenye duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya kujaza ukumbi.

"Kocha, nimesikia unataka kusema kitu."

"Ulikuwa mkono, mwenyekiti. Nakwenda kusema ulikuwa mkono na Mwinjuma hakuhongwa."

Revelian hakupandisha sauti. Alimgeuza tu taratibu, kama mtu anavyogeuza kabati, hadi akawa anatazama chini ya ngazi. Wachezaji ishirini na wawili walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na tracksuti zao za kijani. Daniel alikuwa wa mwisho, kichwa katikati ya magoti.

"Watazame," alisema mwenyekiti. "Rufaa yetu imesimama juu ya neno moja, rushwa. Wakilikubali mechi inarudiwa. Ukisema leo hakukuwa na rushwa, umewafungia mlango. Yule Daniel ana miaka ishirini na sita. Mwaka mwingine kwenye hii ligi anarudi kubeba zege."

"Mwinjuma anapasuliwa saa nne."

"Sikukatazi kusema. Nakuomba lisaa limoja. Kamati inakaa saa tatu na nusu, saa nne kasoro tano wameshaamua. Kisha ukaseme unachotaka, utaliwahi jambo lako."

Mimi ninayekusimulia nimempenda kocha huyu tangu sehemu ya kwanza, hata alipokosea nilimtetea. Hapa alinishinda. Aliwatazama vijana wake, akatazama saa, akafanya hesabu ya mtu anayetaka kumridhisha kila mtu.

"Lisaa limoja tu," alisema.

Akakaa kwenye benchi.

Saa tatu na nusu ikafika, mwenyekiti wa kamati hajafika. Yuko kwenye foleni Tegeta, wakaambiwa. Saa tatu na dakika arobaini yuko bado kwenye foleni. Simu ya Albano ikaita.

"Ba'mdogo, baba anauliza umeshaanza?" Ilikuwa sauti ya Nusaiba.

"Bado kidogo, mwanangu."

"Wameshamvalisha lile gauni."

"Bado kidogo tu. Mwambie nipo hapa, maiki naziona."

Saa nne kasoro dakika kumi gari la mwenyekiti wa kamati likaingia, wajumbe wakajifungia ndani. Revelian akamwonyesha Albano kidole gumba. Jasho lilikuwa linashuka ndani ya suti. Mara mbili Albano aliinuka, mara mbili akakaa.

Saa nne kasoro dakika mbili simu ikaita tena. Safari hii alikuwa Mwinjuma mwenyewe, na nyuma yake zilisikika tairi za kitanda zikilalamika.

"Mngoni. Bado?"

"Naanza sasa hivi, mtani."

"Wamekuja kunichukua. Nimewaambia dakika tatu, wamenipa mbili."

Albano aliinuka akakimbia. Alimkumba Revelian, akapita, akafika kwenye meza. Mpigapicha wa Marietha hakuwepo, alikuwa amekwenda kununua chapati.

"Washa. Washa sasa hivi, sista, nakuomba."

"Nawasha kocha, subiri, mtandao unazunguka." Marietha alikuwa anabonyeza simu yake kwa vidole viwili. "Unazunguka bado. Haya. Tayari. Tuko laivu."

Albano akashika meza kwa mikono yote miwili.

"Naitwa Albano Komba," alisema. "Wiki tatu zilizopita nilisimama mbele yenu nikasema mwamuzi Mwinjuma kahongwa. Nilisema uongo. Mpira ulikuwa mkono. Nilijua ni mkono kabla sijafungua mdomo wangu, mchezaji wangu aliniambia. Mwinjuma aliona sawasawa na akaamua sawasawa. Sijawahi kumwona akipokea kitu cha mtu. Nilitaja hadi anapokaa, na watu wakaenda, na leo yuko kwenye chumba cha upasuaji. Nilisema ni utani. Mtani hamsingizii mtani mwenzie wizi. Mwinjuma, kama unanisikia, uliona. Na wewe Nusaiba, baba yako si mwizi."

Baraza lote likalipuka. Mtu akamtupia chupa ya maji. Revelian alikuwa ameshika kiuno, anatikisa kichwa. Mwandishi mmoja akasukuma maiki yake hadi kwenye kidevu cha kocha.

"Kocha, na wewe Machimbo wamekupa nini?"

Albano akamgeukia. Alianza kuelewa ilivyo kuwa upande wa pili wa swali hilo. Hakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Hawajanipa kitu."

"Kwa hiyo kuanzia leo makocha wanyamaze?" aliuliza Marietha. "Timu ikionewa wafunge midomo?"

"Hapana, sista. Anayeonewa aseme, aseme kwa nguvu. Mie sikuonewa. Hapo ndo penye tofauti."

Akatoka mezani. Nyuma yake akasikia sauti anayoijua, inakwama, inaanza tena. Daniel alikuwa amepanda ngazi na kusimama mbele ya maiki. "Ni kweli," kijana alikuwa anasema. "Ulikuwa mkono wangu mie." Wenzake wanane wakainuka na kuondoka bila kumwangalia.

Albano akakaa kwenye ngazi ya mwisho, nyuma ya jengo, akapiga simu. Inaita haipokelewi. Akapiga tena. Ndani ya dakika ishirini alipiga mara kumi na moja. Akafungua ukurasa wa Marietha. Waliotazama laivu ile walikuwa mia tatu na kumi, na maoni mengi yalisema kocha naye kanunuliwa. Chini yake ilikuwepo ile video ya zamani, ile ya ubwabwa na kaburi, na idadi yake ilikuwa bado inapanda.

Kamati ikatoka, ikasema rufaa imetupwa. Albano aliisikia habari hiyo kama inahusu timu ya mkoa mwingine. Mlinzi wa ofisi alimletea kiti, akakataa.

Saa tano kasoro dakika tano simu ikaita.

"Nusaiba. Mwanangu, amesikia?"

Upande wa pili Nusaiba alipenga kamasi kwanza.

"Nusaiba, alisikia?"

"Mtandao ulikuwa unazunguka, ba'mdogo," msichana alisema. "Nilikimbia pembeni ya kitanda na simu. Baba alikuwa kageuza kichwa, anasubiri. Tulipofika kwenye ule mlango nesi akanizuia, akasema simu haziingii. Ulianza kuongea mlango umeshafungwa. Nikasikiliza peke yangu."

Albano akaegemeza paji la uso ukutani. Sekunde. Zilikuwa ni sekunde chache tu, na yeye alikuwa amekaa kwenye benchi tangu saa tatu kasoro robo.

"Alisema nini alipokuwa anasubiri?"

"Alisema, huyu Mngoni atakuja. Alikuwa anawaambia hata wale wanaosukuma."

Kocha alilia, hakujificha. Mlinzi akageuka upande mwingine kwa heshima.

"Akitoka nitamwambia mwenyewe," Albano alisema. "Nitakaa hapo kitandani nitamsimulia neno kwa neno. Nakuja sasa hivi, nachukua boda. Walisema atatoka saa ngapi?"

"Walisema masaa matatu."

"Basi nitamuwahi."

"Ba'mdogo." Sauti ya Nusaiba ilikuwa imebadilika. Ilikuwa imeshuka, kama mtu anayeongea huku anatazama kitu. "Haijafika hata saa moja. Mlango umefunguliwa. Daktari ametoka, kavua ile kofia yake. Anakuja huku. Mama ameshakaa chini, hataki kuinuka."

"Msikilize, mwanangu. Mwambie mama..."

"Anauliza kama tuna mtu mzima wa kuongea naye. Mie sijui nimwambie nani. Hatuna mtu hapa."

Zikasikika hatua, viatu vya mpira kwenye sakafu, karibu zaidi, kisha zikasimama.

"Mpe simu," alisema Albano.

Simu ikabadilisha mikono. Ikaja sauti ya mwanamume, ya upole, iliyochoka.

"Habari za saa hizi. Samahani, wewe ni nani wa mgonjwa?"

Itaendelea Ijumaa ijayo.